Walipohama Soga

Wale wa mtandao wa Soga walifunga kikundi cha Mifugo Yetu Tseikuru siku ya soko asubuhi, bila hata kubisha hodi. Sababu yao? Eti kikundi kinasambaza picha za wanyama waliojeruhiwa. Wamejeruhiwa na nani, jamani? Hizo picha zilikuwa za alama za moto! Kila ngamia wa Tseikuru ana alama ya ukoo wake, imechomwa shingoni au pajani, na kila ng'ombe wa Mkamba amekatwa sikio kwa mkato wa nyumba yao. Bila alama utajuaje mnyama ni wa nani? Miaka yote mnyama akipotea, anayemwona anapiga picha ile alama, anaituma kikundini na kuandika, "Huyu yuko kwangu, mwenyewe aje." Sasa mashine fulani, huko ilikowekwa, imetazama alama ikaona kidonda.

Ismahan, msimamizi wa kikundi, alikuwa dukani kwake akimpimia mteja sukari. Alisoma ule ujumbe, akausoma tena, kisha akamwonyesha mteja kana kwamba yeye ndiye angeelewa. Mteja akasoma, akakuna kichwa, akasema, "Mimi nataka sukari tu, mama."

Wacha niseme ukweli, Soga ilikuwa imeharibika kitambo. Ukifungua unakutana na matangazo ya dawa za wanaume, halafu picha ya ng'ombe mwenye miguu sita, halafu mtu usiyemjua anakutukana bila kosa. Tangazo la mbuzi aliyepotea linaonekana wakati mbuzi amekwisha kurudi nyumbani mwenyewe. Na mambo yaliyompata Ismahan kabla ya hapo yalikuwa mabaya zaidi. Mkora mmoja alichukua picha yake, akafungua ukurasa kwa jina lake, akawaambia watu kwamba bintiye Sabrin amelazwa hospitali na anaomba mchango. Watu wakatuma! Hata mke wa imamu alituma. Ismahan alizunguka duka kwa duka akieleza kwamba si yeye, na Sabrin akiwa nyuma yake, mzima wa afya, ndiye ushahidi. Wengine walimwamini. Wengine walisema "sawa" kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kubishana. Aliwaandikia Soga, wakamjibu kwamba wameangalia na hawajaona tatizo. Siku hiyo alivunja laini yake ya simu vipande viwili akanunua nyingine, maana hata simu zilikuwa zinaingia za watu wakidai pesa yao, kisha akawatumia watu wake namba mpya kwa ujumbe wa kawaida.

"Hooyo, hata usisikitike," Sabrin alimwambia mamake, baada ya kikundi kufungwa. Sabrin alikuwa amemaliza chuo Kitui na sasa alikuwa nyumbani akingoja kazi. "Soga imekufa. Watu wanahamia Ujirani."

"Ujirani ni ya nani?"

"Si ya mtu. Haina kampuni. Ni nyumba nyingi tu, kila nyumba inaendeshwa na watu wake. Lakini nyumba zote zinaongea."

"Kwa hivyo haina mwenyewe, ama ina wenyewe wengi?"

"Zote mbili."

"Haiwezi kuwa zote mbili, Sabrin. Kisima kikijaa mchanga na hakina mwenyewe, nani atakichimbua?"

Sabrin alicheka. Deeq, mumewe Ismahan, alikuwa amelala kwenye mkeka na mguu wake juu ya mto. Mguu huo ulivunjika akishusha mbuzi kutoka kwenye lori, na tangu hapo ulikataa kupona. "Mwacheni huyo mama auze sukari," alisema. "Leo Soga, kesho Ujirani, kesho kutwa mtamwambia aongee na redio."

Lakini kikundi kilikuwa na watu, na watu walikuwa na mifugo, na mvua ilikuwa inakaribia. Ismahan alitoa simu. Sabrin akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kisha akasema, "Chagua nyumba."

"Nyumba gani?"

"Yoyote. Ziko nyingi."

Ismahan alitazama ile orodha. Majina yalikuwa mengi hata macho yakachoka. Alijiona mjinga mbele ya mtoto wake mwenyewe. "Watu wetu wako wapi?" aliuliza.

"Wengi wako Malisho. Inaendeshwa na kijana mmoja wa Garissa."

"Basi niweke huko."

Hivyo tu. Wala hakufikiria mara ya pili.

---

Ng'ambo ya mto wa mchanga, Kalunde naye alihamishwa na mwanawe Nthiwa, aliyekuwa akifanya kazi Kitui mjini. Kalunde ndiye aliyekuwa msimamizi mwenzake Ismahan. Wawili hao waligawana kazi tangu mwanzo: Ismahan upande wa wenye ngamia na mbuzi, Kalunde upande wa wenye mashamba. Mnyama akiingia kwenye ndengu au mtama wa mtu, mwenye shamba anamfunga, anampa maji, anatuma picha ya alama. Kalunde anamjulisha Ismahan, Ismahan anamtafuta mwenye mnyama. Na mwenye mnyama lazima afike kabla jua halijatua. Akifika siku ileile, anapewa chai, wanatembea pamoja kuona kilicholiwa, wanaelewana, anaondoka na mnyama wake. Asipofika, amemdharau mwenye shamba, na hapo maneno hubadilika. Jambo hili halikuandikwa popote. Lilikuwa linajulikana tu.

Nthiwa alipomuuliza mamake anataka nyumba gani, Kalunde alimjibu, "Unipeleke kwa watu wetu." Akapelekwa Shambani, nyumba iliyokuwa ikiendeshwa na kijana wa Kitui aitwaye Musyimi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Anwani zilikuwa ndefu ajabu, jina, alama, jina la nyumba, tena alama, lakini walipatana. Kalunde aliandika, "Mama Sabrin, ni wewe kweli ama ni yule mkora?" Ismahan akamjibu kwa kumtumia picha ya mguu wa Deeq juu ya mto, maana hakuna mkora angekuwa na picha hiyo. Walicheka, kila mmoja kwake. Kwa Kalunde mtandao ulishika kwa taabu na sauti haikupita kabisa, kwa hivyo mambo yao yote yalikuwa ya kuandikiana.

Kisha madalali wa mifugo wakagundua Ujirani. Walijisajili Malisho kwa wingi, wakaanza kumwaga matangazo yao kila mahali. Fahali anauzwa, lori linakodishwa, piga namba hii. Watu wa Shambani walilalamika. Musyimi, ambaye alikuwa akiendesha nyumba ile bila malipo baada ya kazi yake ya mchana, alichoka, akafunga mlango kati ya Shambani na Malisho. Ilikuwa kubonyeza mara moja tu. Aliandika tangazo la sentensi moja, ambalo Kalunde hakuliona, akarudi kula chakula chake. Hakuwa na ubaya na mtu.

Ndani ya Malisho hakuna kilichobadilika. Ukiandika ujumbe kwa mtu wa Shambani, simu ilikuambia umeenda. Kumbe ulikuwa unaenda hadi mlangoni na kukaa hapo.

---

Barwako alipotea siku ya mvua ya kwanza kubwa. Alikuwa ngamia wa mwisho kubaki kwa Ismahan, wengine walikwisha kuuzwa kwa ajili ya ule mguu wa Deeq. Alikuwa na mimba ya kukaribia kuzaa. Maziwa yake yalikuwa yamekauka kama kawaida, na Ismahan alikuwa akinunua maziwa kwa Shamso, mfanyabiashara mwenzake, ili wateja wake wa asubuhi wasimkimbie. Shamso alikuwa akimngojesha makusudi. Anawapimia wengine wote kwanza, kisha anasema, "Ah, Ismahan, kumbe uko hapo?" Ismahan alimeza hayo kila siku, kwa sababu Barwako angezaa, na Barwako akizaa nyumba ingekuwa na maziwa ya zaidi ya mwaka mzima. Hesabu ya nyumba nzima, chakula, dawa za Deeq, nauli ya Sabrin kwenda kutafuta kazi, ilikuwa ndani ya tumbo la ngamia huyo.

Liban, mpwa wa Deeq aliyekuwa akimchunga, alirudi mchana na kamba peke yake.

"Nimelala kidogo tu," alisema.

"Kidogo!" Deeq alijaribu kuinuka, mguu ukamrudisha chini. "Ngamia anayekaribia kuzaa hujitenga. Hilo hata mtoto anajua. Wewe unalala?"

Walifuata nyayo hadi mtoni. Barwako alikuwa amevuka. Na jioni ile maji yakashuka kutoka juu, mekundu, yamebeba miti na mabati ya watu, mto ukajaa ukingo kwa ukingo.

Ismahan hakuogopa sana. Alijisemea moyoni, kama amevuka hapo, ameingia upande wa Mama Nthiwa. Akaandika, "Mama Nthiwa, Barwako amevuka mto. Anakaribia kuzaa. Ukimwona nijulishe, mto ukipungua nakuja mbio." Simu ikasema umeenda. Akangoja.

Asubuhi hakukuwa na jibu. Akaandika tena. Mchana, kimya. Alijaribu kupiga, akaambiwa mteja hapatikani. Akamwita Sabrin.

"Angalia hii kitu. Imeenda ama haijaenda?"

"Imeenda, Hooyo. Ona."

"Sasa mbona hajibu?"

"Labda hana net."

"Jana mwanawe aliandika huko kwao Shambani kwamba amemtumia mamake bando. Wewe mwenyewe uliniambia."

Ni kweli, Sabrin alikuwa ameyaona hayo kwenye simu ya rafiki yake wa chuo aliyejisajili nyumba ile ya Shambani. Hakuona ajabu kwamba kwenye simu yake mwenyewe hayakuonekana. Alidhani ni mtandao tu.

Hapo ndipo kichwa cha Ismahan kilipoanza kuzunguka. Angekuwa amegombana na Kalunde angejua. Kalunde angekuwa mtu wa kunyamaza angejua. Alirudi nyuma akasoma mazungumzo yao yote akitafuta neno alilokosea. Labda ile picha ya mguu ilikuwa utovu wa adabu? Labda kuna ngamia mwingine aliingia kwake, Kalunde akatangaza, na Ismahan hakumsaidia? Alitafuta, hakuona. Akafungua Soga ya zamani ambako kikundi kilikuwa kimefungwa, akamkuta yule ng'ombe wa miguu sita amepata ya saba. Akaizima simu, akaiwasha, kana kwamba Kalunde alikuwa amekwama ndani yake.

Pale barazani pa duka vijana walikuwa na jibu tayari. "Hao wamemfunga mahali, wanangoja azae wauze wawili," alisema mmoja. Liban, kwa sababu ya ile aibu yake ya kulala, ndiye alikuwa anaongea kwa sauti kuliko wote. Alikuwa amechonga rungu. "Mto ukipungua tunavuka. Si kuongea, kuvuka."

"Utavuka kwenda kumpiga nani?" Ismahan alimuuliza.

"Yeyote."

"Ingia ndani, mjinga wewe."

Lakini alisema hivyo bila nguvu, na Liban alilisikia hilo.

---

Ijumaa, baada ya swala, simu ya Deeq ililia. Alikuwa Mahamud, mchuuzi wa mbuzi, aliyekwamishwa ng'ambo na maji. Deeq aliweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Nimepita barabara ya karibu na kwa huyo mama wa ndengu, Kalunde," Mahamud alisema. "Kuna watu wamejaa bomani. Nimeona mapanga. Moto umewashwa."

"Umemwona ngamia?"

"Sijaingia, Deeq. Mimi niko peke yangu huku, unataka niingie boma la watu nianze kuulizia ngamia? Nimekuambia nilichoona."

Simu ikakatika. Deeq aligeuza uso akautazama ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ismahan hakuwa amewahi kumwona mumewe akilia, hata siku mguu ulipovunjika.

Alitoka nje akaketi kwenye gunia la mchele. Hasira yake haikujua pa kutua. Soga haikuwa na uso. Ujirani haukuwa na mwenyewe. Mto ulikuwa mto. Aliyebaki ni Kalunde, mwenye jina na uso na kicheko anachokijua. Basi akaandika. Aliandika haraka, vidole vikikosea na kurudia, akatuma, akaandika tena, akatuma. Simu ilimwambia kila mara: umeenda.

---

Sabrin ndiye aliyefumbua jambo hilo, kwa bahati. Yule rafiki yake wa chuo alimpigia kumuuliza mbona siku hizi hamjibu. "Nimekujibu!" Sabrin akasema. "Hujanijibu!" mwenzake akasema. Wakabishana, kisha wakaanza kujaribu, huyu anatuma, yule anaangalia, na hakuna kilichopita. Sabrin akatafuta namba ya Musyimi, akampigia, akamweleza habari ya ngamia kwa pumzi moja.

"Dada, pole sana," Musyimi alisema. "Mimi nilikuwa nafungia madalali. Sikujua kuna watu wanaongea hapo. Wacha nifungue sasa hivi."

"Na ujumbe uliotumwa?"

"Haujapotea. Jumbe zilizokwama zitaingia zenyewe, kila mtu akipata mtandao."

Sabrin aliruka kwa furaha, akakimbilia dukani. "Hooyo! Si yeye! Mama Nthiwa hajakunyamazia! Hakuwa akiona jumbe zako kabisa!"

Ismahan alishika meza. Kwanza alihisi mzigo ukimtoka kifuani, kwa kweli alihisi raha, hata akatabasamu. "Kwa hivyo hajaona nilichoandika?"

"Hajaona hata kimoja. Lakini usijali, zote zitaingia."

"Zote?"

"Zote, Hooyo."

Ismahan aliondoa mkono mezani. "Mwambie huyo kijana azizuie."

"Azizuie kwa nini?"

Ismahan akauliza kama ujumbe unaweza kuvutwa urudi. Sabrin akasema ukifuta kwako unafutika, lakini huko ng'ambo hawezi kuapa, inategemea nyumba nyingine itakavyokubali. Inategemea! Ismahan alifuta alichokiona, akafuta tena, bila kujua anafuta kwake au anafuta kote, kwa haraka hivi kwamba alifuta hata salamu za Idi, kisha akaizima simu isije ikatuma kingine.

Maji yalikuwa yamepungua. Alimwita kijana wa bodaboda, akampandisha Sabrin nyuma yake, akaondoka bila kumngoja Liban na rungu lake.

---

Boma la Kalunde lilikuwa kimya. Harufu ya kitu kilichoungua ilikuwa bado hewani. Kalunde alitoka jikoni, akasimama, akamtazama mgeni wake kwa macho ya mtu ambaye hajalala vizuri.

"Uvoo waku, Mama Sabrin," alisema. Hakutabasamu.

"Ni museo," Ismahan alijibu, kwa Kikamba chake kidogo. Hawakushikana mikono.

Kalunde aliingia ghalani, akatoka na ngozi iliyokunjwa, imepakwa chumvi. Akaikunjua chini taratibu, upande wa shingo juu, ili alama ya Barwako ionekane.

"Nilijua kwenu mnyama akifia mikononi mwa mtu, lazima mwenyewe aonyeshwe alama," alisema. "Ulinifundisha wewe. Nyama hatukugusa. Muthama, shemeji yangu, alitaka, na majirani walitaka, mapanga walikuja nayo hata kabla hajafa. Nilikataa. Nikasema huyu si wetu, na wenyewe hawali mzoga. Tumemchoma na mtoto wake, fisi wasije."

"Mtoto wake," Ismahan alisema.

"Dume. Alitoka amekufa."

Ismahan alipiga magoti akaweka kiganja juu ya ile alama. Alitaka kulia na machozi hayakuja. Sabrin ndiye aliyeanza kueleza, kwa haraka, mambo ya nyumba mbili na mlango na madalali na Musyimi. Kalunde alisikiliza, akakunja uso, akauliza tena, akaelezwa tena.

"Sasa mimi nimekuwa nikiandika kwa ukuta?"

"Ndiyo, mama."

"Na hata kabla ya haya nilitumiwa ujumbe wa kawaida, wa namba ngeni, eti 'Ni mimi Ismahan, hii ni laini yangu mpya.' Nikasema wakora wamerudi. Nikaifungia hiyo namba."

"Ilikuwa yangu," Ismahan alisema. "Ile ilikuwa yangu ya kweli."

Kalunde aliketi kwenye kigoda. Alitoa simu mfukoni, akaifungua, akampa Ismahan. Ismahan akasoma.

*Mama Sabrin, Barwako yuko kwangu. Amekula ndengu kidogo tu, usijali. Mto umejaa, njoo ukipungua.*

*Anahangaika. Analala, anainuka. Ni kawaida?*

*Mguu mmoja umetoka. Kichwa hakionekani. Nivute ama nisivute?*

*Sisi ni watu wa ng'ombe na mbuzi. Ngamia sijui. Niambie tu nivute ama nisivute.*

*Watu wanasema tuvute. Mimi naogopa. Mama Sabrin tafadhali.*

*Tumevuta.*

Hakukuwa na kingine baada ya hapo. Jibu lake Ismahan alikuwa nalo tangu utoto, alilipata kwa bibi yake: usivute mguu mmoja, urudishe ndani, tafuta kichwa. Maneno machache tu. Angeyaandika huku akimpimia mtu sukari.

"Ungeniambia nini?" Kalunde aliuliza.

"Usivute."

Kalunde alitikisa kichwa polepole. Kisha, polepole vilevile, uso wake ukaanza kufunguka. "Lakini uliniandikia. Huyu mtoto anasema uliniandikia. Nilijua! Nilimwambia Muthama, huyo mama hawezi kuninyamazia, kuna kitu. Akanicheka." Aliinuka, akafuta macho kwa leso, na sasa alikuwa karibu kucheka. "Net iko pale juu ya lile jiwe nyuma ya ghala. Wacha nipande zote ziingie. Nataka nimwonyeshe Muthama."

"Ngoja," Ismahan alisema. Alimshika mkono. "Mama Nthiwa, usipande. Wacha nikuambie mwenyewe."

"Kuniambia nini?"

"Nilichoandika. Ijumaa."

Sabrin alimtazama mamake, na hapo akaelewa kwa nini alitaka zizuiwe. Akageuka akaangalia upande wa mto. Ismahan aliyasema maneno yale kwa kichwa, kwa maana alikuwa ameyafuta, lakini aliyakumbuka. Alisema, "Niliandika, nimeambiwa kuna moshi kwako. Kama mmemla semeni tu nijue. Niliandika, nilidhani wewe una utu. Niliandika, kumbe Mkamba ni Mkamba tu, ukimpa chai leo kesho anakula ngamia wako."

Kuku walikuwa wakichakura pembeni ya ngozi. Kalunde aliwafukuza kwa mguu.

"Ijumaa saa ngapi?"

"Baada ya swala."

"Baada ya swala." Kalunde aliinua mkono wake wa kulia akautazama. Ulikuwa na michubuko hadi juu ya kiwiko. "Wakati huo moto ulikuwa wa kuchemshia maji, na mkono huu ulikuwa ndani yake, Mama Sabrin. Mpaka hapa. Nilikuwa nalia na ninamwita kwa jina lake, Barwako, Barwako, kwa sababu wewe ulisema anaitika."

"Nisamehe."

Kalunde aliutoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa Ismahan, akachukua simu yake, akaenda nyuma ya ghala. Walisikia miguu yake ikipanda kwenye jiwe. Kisha simu ikaanza kulia, mlio mmoja, mwingine, mwingine, na Ismahan, aliyepiga magoti juu ya ngozi ya ngamia wake, akawa anasikiliza. Alikuwa amedhani ameandika jumbe chache tu. Simu iliendelea kulia.